Barua ya wazi kwa wakurugenzi na wahariri wakuu wa redio na televisheni: Mpeni kiongozi mada, msimpe maswali

Kwa Wakurugenzi na Wahariri Wakuu wa vituo vya redio na televisheni nchini Tanzania

Nakala: Maofisa habari wa wizara, mikoa, halmashauri na vyama vya siasa

YAH: VIONGOZI WA KISIASA KUKABIDHIWA MASWALI KABLA YA MAHOJIANO

Ndugu Wakurugenzi na Wahariri,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mzalishaji wa vipindi vya redio katika Kanda ya Ziwa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandaa mahojiano ya asubuhi: kutafuta mgeni, kukusanya taarifa, kuandika maswali, na kukaa chumba cha mitambo kipindi kikiwa hewani. Ninaandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Suala hili nimelisema katika vikao vya uhariri, nimeliandikia uongozi, nimelifikisha kwa wakubwa wa kazi hii tulipokutana kwenye mafunzo na makongamano, na kila mahali nimejibiwa kwa upole kwamba hoja ni ya msingi na itafanyiwa kazi. Haijafanyiwa kazi. Badala yake desturi yenyewe imeota mizizi, kiasi kwamba waandishi vijana wanaoajiriwa leo wanaikuta kama utaratibu wa kawaida: ukimwalika mbunge, mkuu wa wilaya, waziri au mgombea, barua ya mwaliko inaambatanishwa na orodha ya maswali, na usipoiambatanisha, ofisa habari wake atapiga simu kuidai kana kwamba ni haki yake.

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Sipingi kiongozi kuelezwa mapema kwamba ataulizwa kuhusu maji, ushuru wa masoko au bei ya pamba. Kumwita mtu na kumficha unachomwitia si uungwana, na mahojiano ya kuviziana huzaa jazba tu, taarifa ikakosekana. Wala sisemi kwamba kila mhojiwa atendewe kwa kipimo kimoja. Mama aliyefiwa katika ajali ya majini, mtoto aliyefanyiwa ukatili, mkulima ambaye hajawahi kukaa mbele ya maikrofoni, hao nitawapitisha kwenye swali moja baada ya jingine kabla hatujarekodi, na wakiniambia swali fulani linawaumiza nitaliondoa bila kubishana. Kiongozi wa kisiasa hayuko kwenye kundi hilo. Dhamana aliiomba mwenyewe, analipwa kwa kodi, na ana ofisi nzima ya kumwandalia taarifa. Anapokuja studio anakuja kutoa hesabu ya kazi aliyokabidhiwa, na anayetoa hesabu hachagui ataulizwa ukurasa gani wa daftari.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Maswali yakishatoka, hayarudi yalivyokwenda.

Hili ndilo watetezi wa desturi hii hawalisemi. Husema kwamba tunampa kiongozi maswali ili ajiandae tu, basi. Katika uzoefu wangu orodha haiishii kwenye maandalizi, bali hugeuka kuwa mazungumzo ya nini kiulizwe na nini kiachwe. Nitatoa mfano mmoja bila kutaja mtu wala kituo. Yaliandaliwa mahojiano na kiongozi kuhusu mradi wa maji ambao mitaro yake ilichimbwa na kuachwa wazi. Swali lililoandikwa lilikuwa hili: "Mkataba ulisema mradi ukamilike lini, mkandarasi ameshalipwa kiasi gani, na kwa nini mabomba hayajafukiwa?" Faili liliporudi kwa wasapu kutoka kwa msaidizi wake, swali hilo lilikuwa limefutwa, na mahali pake pamewekwa jingine kwa maandishi mekundu: "Mheshimiwa, wananchi wangependa kufahamu mafanikio yaliyopatikana katika sekta ya maji chini ya uongozi wako." Chini kabisa ya orodha paliongezwa sentensi ya kuomba tuzingatie maswali hayo tu ili tusivuruge ratiba ya Mheshimiwa.

Maswali mawili hayo yanahusu mada moja. Tofauti yake ni kwamba la kwanza linadai tarehe, kiasi cha fedha na sababu, na la pili halidai chochote. Aliyeliandika la pili si mwandishi wa habari, lakini lilisomwa hewani kwa sauti ya mwandishi wa habari, na wasikilizaji waliamini ni swali lililoulizwa kwa niaba yao.

2. Swali la nyongeza linakufa.

Wenzangu wengi hufananisha jambo hili na mtihani uliovuja. Mimi naona mfano huo unatupoteza, kwa sababu hatumwiti kiongozi ili tupime kumbukumbu yake, na akijua takwimu zake vizuri kwa kuwa alijiandaa, msikilizaji amefaidika. Madhara makubwa yako kwingine. Orodha ikishakubaliwa na pande mbili, inakuwa mkataba, na kila kitu kilicho nje ya mkataba kinahesabiwa kuwa ni uvunjaji wa makubaliano. Mtangazaji akisikia jibu lisilojibu, hana ruhusa ya kusema, "Mheshimiwa, hilo silo nililouliza." Anahamia swali linalofuata.

Katika mahojiano yale ya maji, kiongozi aliingia studio na majibu yaliyochapwa akayasoma ukurasa baada ya ukurasa. Mtangazaji alikuwa bado hajamaliza kutamka swali moja, na karatasi ya jibu lake imeshafunuliwa mezani. Katikati ya kipindi ukaingia ujumbe wa msikilizaji akiuliza mitaro itafukiwa lini, kwa kuwa ng'ombe wake ametumbukia na kuvunjika mguu. Msaidizi wa kiongozi, ambaye alikuwa ameruhusiwa kukaa chumba cha mitambo, alitikisa kichwa kupitia kioo. Ujumbe ule haukusomwa. Nilipohoji baada ya kipindi, nilielezwa kwamba haukuwa kwenye orodha. Nawaomba mlitafakari jambo hilo: mwananchi mwenye ng'ombe aliyevunjika mguu amenunua muda wa maongezi, ameandika swali fupi na la haki kwa mtu aliyemchagua, na sisi ndio tuliosimama katikati yao.

Bunge letu lilishaliona hili zamani na likaliwekea utaratibu. Mbunge mwenye swali la kawaida huliwasilisha kwa maandishi, wataalamu wa wizara huandaa jibu, na waziri hulisoma. Hakuna anayeona tatizo, kwa sababu waziri akimaliza kusoma, Spika humpa muulizaji nafasi ya maswali ya nyongeza, na hayo waziri hajayaona. Zaidi ya hapo, kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu siku ya Alhamisi, ambayo kwa utaratibu wake hayahitaji kuwasilishwa kabla. Ikiwa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano anaweza kusimama Dodoma na kujibu swali ambalo hakulisoma jana yake, sioni kwa nini mkuu wa idara wa halmashauri, au diwani, ashindwe kufanya hivyo katika studio ya redio ya wilayani kwake.

Hata mahojiano ambayo wanahabari duniani huyakumbuka kwa ukali wake hayakusimama juu ya swali la siri. Mei 1997, katika kipindi cha Newsnight cha BBC, Jeremy Paxman alimuuliza Michael Howard, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, swali lilelile zaidi ya mara kumi, iwapo alimtishia mkuu wa magereza kwamba angetengua uamuzi wake. Howard alifahamu vizuri suala hilo na alikuwa na majibu yake. Nguvu ilikuwa kwenye uhuru wa muulizaji kukataa jibu lililokwepa na kuuliza tena. Uhuru huo ndio tunaousalimisha kila tunapotuma orodha na kuahidi kutotoka nje yake.

3. Msikilizaji haambiwi.

Tunarusha kipindi kwa jina la mahojiano mubashara. Tunaweka muziki wa kuanzia, tunatangaza namba ya ujumbe mfupi, tunasema, "Karibuni muulize." Hatusemi kwamba maswali yamepitishwa na ofisi ya mgeni, wala kwamba jumbe zitachujwa kwa kipimo chake. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi na masuala muhimu kwa jamii. Sidhani kama tunaitimiza haki hiyo tunapompa mwananchi tangazo la kiongozi lililovikwa nguo ya mahojiano.

Hili halipo kwetu peke yetu. Julai 2024, wiki moja baada ya mdahalo uliomwendea vibaya Rais Joe Biden wa Marekani, mtangazaji Andrea Lawful-Sanders wa kituo cha redio cha WURD, Philadelphia, alimhoji rais huyo, kisha akaeleza hadharani kwamba maswali aliletewa na upande wa Biden, yakiwa manane, akachagua manne. Hakuna mtu aliyesema kwamba majibu ya rais yalikuwa ya uongo. Kilichowakera watu ni kwamba walisikiliza wakidhani wanasikia jambo moja, kumbe ni jingine. Mtangazaji aliondoka kituoni, uongozi wa kituo ukasema utaratibu ule haukuwa wake, na upande wa Biden ukatangaza kwamba hautapendekeza tena maswali kwa wahoji. Kwetu ofisi ya kiongozi ingeleta maswali, nani angejiuzulu? Nani angeulizwa, hata?

4. Wakati wa uchaguzi hakuna usawa.

Mgombea mwenye ofisi, msaidizi na gari la matangazo hutumiwa maswali siku kadhaa kabla. Mgombea wa chama kidogo, anayekuja studio kwa bodaboda, huulizwa papo hapo, na akigugumia tunasema hakujiandaa. Wamarekani waliliona hili mwaka 2016, barua pepe zilipovuja na kuonyesha kwamba Donna Brazile, aliyekuwa mchambuzi wa CNN, aliupenyezea upande wa mgombea urais Hillary Clinton maswali ya vikao vya wagombea. CNN ilivunja uhusiano naye. Clinton alikuwa mwanasiasa mzoefu ambaye angeyajibu maswali yale hata kama asingeyaona, na hata hivyo kituo hakikuona hiyo kuwa sababu ya kunyamaza.

5. Tunawaharibia kazi vijana.

Mwandishi anayejua kwamba maswali yatahaririwa na ofisi ya mgeni hana sababu ya kwenda kusoma taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wala kupita kijijini kuangalia zahanati yenyewe. Anaandika maswali laini ambayo anajua hayatarudishwa. Baada ya mwaka mmoja wa kazi ya namna hiyo ameshasahau swali gumu linavyotengenezwa.

Ninazifahamu sababu mnazotupa, na sitaki kuzipita kana kwamba hazina uzito.

Mnasema kiongozi asipopewa maswali hatakuja. Huenda wengine kweli hawatakuja. Lakini tazameni majirani zetu. Julai 24, 2017, Rais Uhuru Kenyatta hakutokea kwenye mdahalo wa wagombea urais wa Kenya, na waandaaji hawakuufuta. Raila Odinga alisimama peke yake akajibu maswali. Julai 26, 2022 mambo yaligeuka: Raila hakufika, na William Ruto akajibu peke yake. Kabla ya siku hiyo upande wa Raila ulidai kwamba mpinzani wake alitaka mdahalo usiguse rushwa, uadilifu, maadili na utawala. Sina haja ya kuamua hapa nani alikuwa mkweli kati yao. Ninachosema ni kwamba mabishano yenyewe yalifanyika mbele ya wananchi, nani anataka nini kisiulizwe, na mpiga kura akapata la kupima. Kwetu mabishano hayo huishia kwenye wasapu ya mzalishaji wa kipindi. Isitoshe, kiongozi anaihitaji redio kuliko tunavyokubali. Mnara wetu ukifika kwenye kata ambazo magazeti hayafiki, yeye ndiye mwenye hasara akisusa, mradi tu vituo vingine vya mkoa visimpokee kwa masharti yaliyokataliwa kwa jirani. Ndiyo maana nawaandikia nyote kwa pamoja.

Mnasema kiongozi anahitaji muda wa kutafuta takwimu. Kweli kabisa, na dawa yake ni rahisi: mwelezeni kwamba tutazungumzia bajeti ya maji ya mwaka fulani na aje na mchanganuo wake. Akiulizwa tarakimu asiyonayo, aseme hanayo na ataileta, nasi tuisome hewani siku atakayoileta. Miongozo ya uhariri ya BBC nayo hutofautisha kumweleza mhojiwa maeneo yatakayoguswa na kumkabidhi maswali yenyewe.

Mnasema sheria ni kali na mnaogopa adhabu. Hofu hiyo naiheshimu, kwa kuwa ina historia. Januari 2018 vituo vitano vya televisheni vilitozwa faini ya jumla ya shilingi milioni 60 kwa kurusha taarifa ya asasi ya haki za binadamu kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani wa Novemba 2017. Mkurugenzi mwenye mishahara ya kulipa hawezi kusahau jambo kama hilo. Lakini sijaona kifungu kinachotaka mwandishi ampelekee kiongozi maswali ili ayapitishe. Katika hili tumejifunga wenyewe, tukazidisha tahadhari kuliko sheria inavyotaka, na kila tunapozidisha tunawazoesha wenye madaraka kudai zaidi.

Na ipo sababu ambayo husemwa mlango ukiwa umefungwa: matangazo. Halmashauri na taasisi za umma ni wateja wakubwa wa redio za mikoani, na ofisi inayonunua muda wa hewani ndiyo hiyohiyo inayodai orodha ya maswali. Siwezi kuwafundisha namna ya kuendesha biashara. Naomba tu muda ulionunuliwa utangazwe kuwa umenunuliwa, na usichanganywe na mahojiano. Mheshimiwa akitaka kueleza mafanikio yake bila kuulizwa, auziwe kipindi maalumu, na msikilizaji aambiwe hivyo mwanzoni na mwishoni.

Kwa maofisa habari mnaopata nakala ya barua hii, wengi wenu mlikuwa wenzetu kwenye dawati la habari, na mnajua ninachosema. Kumlinda bosi wako dhidi ya swali kunamnyima nafasi ya kuonyesha kwamba kazi yake anaijua.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo:

1. Kila kituo kiandike na kuutangazia umma msimamo wake: mgeni wa kisiasa ataelezwa mada, muda, jina la mtangazaji na iwapo simu za wasikilizaji zitapokelewa, lakini hatapewa maswali wala hataruhusiwa kuyapitisha.

2. Pale ambapo kwa sababu ya kweli maswali yametolewa, kwa mfano mgeni anajibu kwa maandishi kutoka mbali, jambo hilo lisemwe hewani kabla ya swali la kwanza.

3. Mtangazaji awe na uhuru kamili wa swali la nyongeza na wa kusoma ujumbe wa msikilizaji, na msaidizi wa mgeni asikae chumba cha mitambo.

4. Kiongozi akikataa kuja kwa sababu hakupewa maswali, mwaliko wake na sababu ya kukataa visomwe kwenye kipindi kwa lugha ya staha, na mzalishaji au mtangazaji aliyesimamia msimamo huo asiadhibiwe kwa kuhamishwa kipindi.

5. Wakati wa kampeni, masharti yaliyotolewa kwa mgombea mmoja yatolewe kwa wote, kwa maandishi, na yawekwe wazi.

6. Vituo vya mkoa mmoja vikutane na kukubaliana kutompokea kwa masharti ya orodha mgeni aliyekataliwa masharti hayo kwingine.

Ninaomba majibu kwa maandishi au hewani ndani ya siku 30, kutoka kwa kituo chochote kitakachokuwa tayari kuanza. Nipo tayari kuja kwa gharama zangu kueleza hoja hizi mbele ya bodi au kikao cha uhariri, na maswali mtakayoniuliza siku hiyo sihitaji kuyaona kabla.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzalishaji wa vipindi vya redio,
Kanda ya Ziwa